Alan Blumlein, mhandisi aliyeuondoa mngurumo kwenye waya

KABEZI, Burundi. Barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge hupita Kabezi ikiwa imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Kama kwingine katika mwambao huu, shughuli haina heshima bila spika. Iwe harusi, mkutano wa injili, mawaidha au mechi ya vijana, mtu wa kwanza kutafutwa ni fundi wa sauti. Jenereta huwekwa mbali ili kelele zake zisiwafikie wageni, spika husimamishwa pande mbili za jukwaa, na kutoka jukwaani hadi kwenye meza ya fundi hulazwa kebo ya mita 20, 30 au zaidi.

Hapo ndipo tofauti hujitokeza. Fundi akitumia waya mwembamba wa redio ya nyumbani kufika umbali huo, spika huanza kunguruma hata kabla mtu hajakigusa kipaza sauti. Akitumia kebo nene yenye plagi ya pini tatu, spika hutulia. Jenereta ni ileile, na kebo zote mbili zimepita kando ya nyaya zilezile za umeme. Wengi huamini kuwa kebo nene hushinda kwa sababu ni ghali, au kwa sababu ganda lake huzuia kila kitu. Ukweli ni kwamba kelele huingia katika kebo zote mbili. Katika ile ya pini tatu huingia, kisha hutolewa.

Mpangilio huo mafundi huuita balansi, yaani urari. Wazo lake ni la zamani kuliko redio, na halina baba mmoja. Lakini miongoni mwa watu waliolifanyia kazi kubwa zaidi yumo mhandisi Mwingereza Alan Dower Blumlein, aliyekufa mwaka 1942 akiwa na miaka 38. Aliacha hataza 128, yaani hati za kisheria za kulinda uvumbuzi, na kwa miaka mingi baada ya kifo chake watu waliotumia kazi zake kila siku hawakulijua jina lake.

Mjukuu wa mmisionari wa Kokstad

Blumlein alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa wa ukoo wa Kiskoti, na jina la kati la Alan lilitoka kwake. Babu mzaa mama, William Dower, alikuwa mmisionari wa Shirika la Misheni la London nchini Afrika Kusini, akafanya kazi miongoni mwa Wagriqua huko Kokstad.

Mtoto huyo hakuwa mwepisi wa kusoma. Dada yake alikumbuka kwamba hadi alipofika miaka 12 kusoma kulikuwa bado kunampa taabu. Hesabu na umeme vilikuwa jambo jingine. Akiwa na miaka saba alitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akamwandikia baba yake ankara ya malipo na kutia sahihi kama mhandisi wa umeme. Ankara ililipwa.

Alisoma Highgate School, akatoka mwaka 1921 na kuingia chuo cha City and Guilds mjini London, kwa msaada wa udhamini wa masomo uliomwezesha kuanzia mwaka wa pili. Miaka miwili baadaye alihitimu kwa daraja la kwanza. Mwaka 1924 aliajiriwa na International Western Electric, kampuni iliyohusika na simu. Huko ndiko alikokutana na tatizo ambalo lingemfuata maisha yake yote.

Simu zilizosikilizana

Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu. Umeme ulikwenda kwa waya na kurudi kwa ardhi. Mpango huo ulipunguza gharama, lakini ardhi ilikuwa njia ya kila mtu. Tramu za umeme zilipoanza kupita mijini, mngurumo wake ulisikika kwenye simu, na maneno ya mteja mmoja yalivuja hadi kwenye sikio la mwingine. Dawa ilikuwa kuipa kila simu nyaya mbili. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kebo za aina hiyo zingali zikitengenezwa.

Ili kuelewa kwa nini nyaya mbili zinafaulu, itazamwe mizani ya sokoni yenye sinia mbili. Mvua ikinyesha, maji huanguka katika sinia zote mbili kwa kiasi kilekile. Mizani hulemewa, lakini mkono wake hauinami upande wowote. Muuzaji akiweka ndagala kwenye sinia moja tu, mkono huinama mara moja, hata kama mvua bado inanyesha. Mizani haisomi jumla ya uzito. Inasoma tofauti kati ya pande mbili.

Kebo ya balansi hufanya hivyohivyo. Sauti hupelekwa kama tofauti kati ya waya wa kwanza na wa pili. Kelele ya jenereta au ya nyaya za umeme huzipiga nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa kuwa zimesokotwa, kila waya hupata zamu yake ya kuwa karibu na chanzo cha kelele, na mwisho wa safari zote mbili zimebeba kiasi kinachokaribiana sana. Kifaa cha kupokea hutoa cha pili kutoka cha kwanza. Kilicho sawa hufutika, na tofauti, ambayo ndiyo sauti, hubaki.

Lakini mizani ina sharti moja. Sinia moja ikiwa pana kuliko nyingine, itakinga maji mengi zaidi, na mvua yenyewe itaanza kuuinamisha mkono. Hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukosea. Wengi hudhani kwamba siri ya balansi ni kutuma sauti katika nyaya mbili kwa alama zinazopingana, moja ikipanda nyingine ikishuka. Hilo husaidia kuongeza nguvu ya sauti, ila silo linaloondoa kelele. Kinachoondoa kelele ni usawa wa ukinzani: kila waya uone ukinzani uleule kuelekea ardhini, katika kifaa kinachotuma na katika kinachopokea. Ipo mikrofoni, na zipo mashine za studio, zinazotuma sauti katika waya mmoja tu huku waya wa pili ukiwekewa ukinzani uleule bila sauti yoyote, na kebo bado hunyamaza vizuri.

Katika simu za masafa marefu, usawa huo ulikuwa mgumu kuupata. Kila baada ya umbali fulani laini ilifungwa koili za kuzuia sauti isififie, na koili ambayo nusu zake mbili hazikulingana iliharibu urari wote. Kati ya 1925 na 1926 Blumlein na mwenzake John Percy Johns walibuni koili bora zaidi, iliyopunguza upotevu wa sauti na uvujaji wa maneno kutoka simu moja hadi nyingine. Wawili hao walibuni pia kifaa cha kupimia, saketi ya aina ambayo wahandisi huiita daraja, kwa ajili ya kulinganisha pande mbili kwa usahihi mkubwa. Kwa maneno ya sokoni, walitengeneza sinia zinazolingana, kisha wakatengeneza mizani ya kuzikagua. Kazi hizo mbili zilizaa hataza zake mbili za kwanza.

Kutoka simu hadi santuri

Mwaka 1929 Blumlein alihamia kampuni ya santuri ya Columbia Graphophone, chini ya Isaac Shoenberg. Wakati huo kurekodi kwa umeme kulitegemea mitambo ya Western Electric, na kila kampuni iliyoitumia ililipa ada. Columbia ilitaka njia yake yenyewe. Blumlein, pamoja na Herbert Holman na Henry Clark, walitengeneza mtambo mpya wa kuchonga mifereji ya santuri kwa kutumia koili inayotikisika. Haukuiepusha kampuni na ada tu, bali ulitoa sauti safi kuliko ule wa zamani. Holman na Blumlein walitengeneza pia mikrofoni zilizotumika katika studio za kampuni na baadaye katika televisheni ya BBC.

Kipindi hicho hakikuwa mbali na masikio ya Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walikuwa wamesafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya HMV, na santuri zake zilinunuliwa katika pwani yote. Mwaka 1931 kampuni yenye chapa ya HMV iliungana na Columbia, na muungano huo ukazaa EMI. Maabara aliyofanyia kazi Blumlein huko Hayes, magharibi mwa London, ikawa ya kampuni hiyo kubwa.

Mwaka huohuo aliingia sinema pamoja na Doreen Lane, aliyemwoa mwaka 1933. Filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Kilichomkera ni kwamba mwigizaji alitembea kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine huku sauti yake ikibaki imeganda mahali pamoja. Alimwambia Doreen kwamba anajua namna ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza, lililokubaliwa mwaka 1933 kwa nambari 394,325. Lilikuwa na madai 70. Ndani yake mlikuwemo karibu kila kitu kinachoitwa leo stereo: mikrofoni mbili zilizowekwa mahali pamoja zikitazama pande zilizoachana kwa nyuzi 90, namna ya kuchonga sauti mbili katika kuta mbili za mfereji mmoja wa santuri, na saketi za kujumlisha sauti ya kushoto na ya kulia, kisha kutoa moja kutoka nyingine.

Anayeisoma hataza hiyo baada ya kuijua kazi yake ya simu huona ni mkono uleule. Katika simu alitafuta tofauti ili kuondoa kelele. Katika stereo, jumla ya pande mbili ilimpa sauti yote kwa pamoja, na tofauti ikampa habari ya upande sauti inakotoka. Hesabu ni ileile ya kujumlisha na kutoa, ila sasa kila jibu lilikuwa na kazi yake. Januari 1934, katika studio za Abbey Road, timu yake ilirekodi kwa stereo Thomas Beecham akiongoza okestra katika simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter.

EMI haikuuza stereo. Ulimwengu ulikuwa katika mdororo wa uchumi, na kampuni ilikuwa imeelekeza nguvu zake katika televisheni. Blumlein akahamishiwa huko.

Kebo ya siku ya kutawazwa

Huduma ya televisheni ya BBC ilifunguliwa Alexandra Palace, kaskazini mwa London, tarehe 2 Novemba 1936, na mfumo wa Marconi-EMI wa mistari 405 ndio uliochaguliwa baadaye kuendelea. Jaribio kubwa lilikuwa linakuja. Mei 12, 1937, Mfalme George wa Sita angetawazwa, na BBC ilitaka kuonyesha msafara wake ukipita Hyde Park Corner. Kutoka hapo hadi Alexandra Palace ni maili kama 8, na katikati yake upo mji mzima wenye reli za umeme, injini, kengele na nyaya za kila namna.

Mawimbi ya picha ni mapana kuliko ya sauti kwa mamia ya mara, na transfoma, kifaa ambacho studio za sauti zilikitegemea kupokea kebo ya nyaya mbili, kilikuwa kigumu kukitumia kwa upana huo. Ilitakiwa saketi itakayotazama nyaya mbili moja kwa moja, ichukue tofauti yake, na kupuuza chochote kilichozipata zote mbili kwa pamoja.

Tarehe 4 Julai 1936 Blumlein aliomba hataza ya saketi ya namna hiyo, iliyopewa nambari 482,740. Alichukua vali mbili zinazofanana, zile taa za glasi za redio za zamani, akaziunganisha miguu, kisha miguu hiyo akaishusha ardhini kupitia kikinza kimoja chenye ukinzani mkubwa. Kwa sababu ya kikinza hicho kinachoning'inia chini, saketi ikaitwa jozi yenye mkia mrefu.

Inavyofanya kazi inaeleweka kwa mfano wa maji. Mabomba mawili yanalishwa na mrija mmoja mwembamba. Yote mawili yakifunguliwa zaidi kwa pamoja, maji hayaongezeki, kwa kuwa mrija hauwezi kupitisha zaidi ya kiasi chake. Lakini moja likifunguliwa na jingine likifungwa kidogo, maji huhamia upande uliofunguliwa. Mkia mrefu ndio mrija mwembamba. Kelele inayozisukuma vali zote mbili kwa wakati mmoja haipati njia, ila tofauti kati yao hupita na kukuzwa.

Hakuwa peke yake kulifikiria jambo hilo. Miaka hiyohiyo watafiti wa mishipa ya fahamu, waliotaka kupima umeme mdogo mno wa mwili katikati ya mngurumo wa umeme wa nyumba, walikuwa wakijenga vikuza vya kutazama tofauti, na mmoja wao alikuwa Bryan Matthews wa Cambridge. Alichokifanya Blumlein ni kuipa saketi hiyo umbo rahisi lenye mkia wa pamoja, na kuitia katika kazi ya mawasiliano ya masafa marefu. Siku ya kutawazwa, picha zilifika Alexandra Palace kwa kebo hiyo na kurushwa hewani.

Ndege ya Juni 7

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, maabara ya EMI ilifanya kazi za serikali. Blumlein aliingia katika rada. Alisaidia kutengeneza saketi za kutoa mapigo makali na mafupi ya umeme ambayo rada huyahitaji, kisha akawa mmoja wa watu wakuu katika mradi wa H2S, rada ya kufungwa ndani ya ndege ili rubani aione sura ya nchi iliyo chini hata usiku na juu ya mawingu.

Alikuwa raia wa kawaida, baba wa watoto wawili wa kiume, na angeweza kusubiri matokeo maabarani. Lakini kifaa kilipaswa kuonwa kikifanya kazi angani, na desturi yake ilikuwa kujionea mwenyewe. Jumapili ya Juni 7, 1942, alipanda ndege aina ya Halifax, nambari V9977, katika uwanja wa Defford. Pamoja naye walikuwa wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, watafiti wengine na wanajeshi wa anga.

Injini moja ya upande wa kulia ilishika moto. Moto haukuzimika, ukala bawa, na ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, mpakani mwa Uingereza na Wales. Watu wote 11 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa nati moja ya vali ya injini ambayo haikukazwa sawasawa wakati wa matengenezo, ikalegea hadi vali ikavunjika na kuruhusu moto kutoka nje. Blumlein alikuwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka 39.

Mradi haukufa. Mwishoni mwa Januari 1943 H2S ilitumika vitani kwa mara ya kwanza, katika shambulio la Hamburg. Ila jina la mtu aliyekufa akiijaribu halikutajwa. Rada ilikuwa siri, na Ujerumani haikupaswa kujua kwamba Uingereza imepoteza watu gani. Kwa hiyo hapakuwa na taazia magazetini wala hotuba, na Doreen aliomboleza bila taifa kuambiwa amefiwa na nani.

Jina lililochelewa

Siri hiyo ilikuwa na gharama iliyodumu kuliko vita. Santuri za stereo zilipoanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958, zilichongwa kwa kuta mbili zilizoegemea nyuzi 45, namna ambayo Blumlein aliieleza mwaka 1931. Hataza yake ilikuwa imeshaisha muda, na wanunuzi wengi waliamini kwamba ni uvumbuzi mpya wa Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika makala chache tu za kitaalamu. Aliandika hataza, na hataza husomwa na wanasheria.

Heshima ilikuja polepole. Mwaka 1977 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba aliyoishi huko Ealing, London. Vitabu kamili vya maisha yake vilitoka karibu na mwaka 2000, zaidi ya nusu karne baada ya ajali. Mwaka 2015 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliweka kibao Abbey Road kuenzi uvumbuzi wa stereo, na mwaka 2017 waandaaji wa tuzo za Grammy walimtunuku tuzo ya ufundi. Katika kanisa dogo la ngome ya Goodrich, si mbali na mahali ndege ilipoanguka, kuna dirisha la vioo vya rangi linalowakumbuka waliokufa.

Kumbukumbu iliyoenea zaidi, hata hivyo, haina jina lolote juu yake. Vali za glasi ziliondoka, zikaja transista, kisha chipu, na jozi yenye mkia mrefu ilihama nazo. Chipu za kukuza mawimbi zinazojaza mashine za kuchanganyia sauti huanza karibu zote na jozi hiyo mlangoni. Kebo ya intaneti inayoingia ofisini ina jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na kila jozi husomwa kwa tofauti.

Kwa fundi wa mwambao wa Tanganyika, maisha ya Blumlein yana maana ya kila wiki. Maikrofoni ya kawaida ya jukwaani hutoa umeme wa milivolti chache tu, ilhali umeme wa nyumba ni zaidi ya volti 200 ukitikisika mara 50 kwa sekunde. Katika plagi ya pini tatu, pini ya kwanza ni ya ganda na ardhi, ya pili na ya tatu ni nyaya mbili za sauti. Kifaa kizuri cha kupokea hupunguza kelele iliyo sawa katika nyaya hizo kwa desibeli 60 au zaidi, yaani kwa kiasi cha mara elfu moja. Lakini akiweka njiani adapta ya bei rahisi inayounganisha pini ya tatu na ya kwanza, sinia moja ya mizani inakuwa imeegeshwa ardhini. Kebo inabaki nene, plagi inabaki ya kuvutia, na urari haupo tena. Uunganishaji mbaya wa waya mmoja tu hutosha kuurudisha mngurumo.

Urari huo huo ndio unaowezesha mikrofoni za studio kupata umeme wake wa volti 48 kupitia kebo ileile ya sauti. Umeme huo hupelekwa sawasawa katika nyaya zote mbili, na kwa sababu uko sawa, kifaa cha kupokea hakiusikii, kama vile kisivyoisikia kelele.

Kuna jambo moja zito kuliko usafi wa sauti. Mngurumo unapokataa kuondoka, wapo wanaokata waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme, na mara nyingi mngurumo hupungua kweli. Waya huo ndio unaolinda maisha. Ukikatwa, hitilafu ndani ya amplifaya inaweza kuupeleka umeme hadi kwenye ganda la chuma la maikrofoni, na anayeishika, labda akiwa pekupeku juu ya nyasi mbichi, ndiye huwa njia ya kwenda ardhini. Katika vifaa vya balansi hakuna sababu ya kuufanyia umeme kamari hiyo. Ardhi ya umeme hubaki ilipo, na kelele zinazotokana na tofauti za ardhi kati ya vifaa viwili huondolewa na jozi ya nyaya.

Blumlein hakuwahi kuona transista, wala hakuishi kusikia santuri moja ya stereo ikiuzwa dukani. Alichokiacha kinaweza kukaguliwa na fundi yeyote mwenye kipima ukinzani cha bei ndogo: pini ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, ya kwanza kwa ya kwanza, na pande mbili za sauti ziwe na ukinzani uleule. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hufanywa kabla wageni hawajaketi.